Swali la Nne

Tulifika saa tatu usiku, theluji imetuingia viatuni.
Bogumiła ana mifuko miwili na kichwa cha cherehani,
kakifunga kwa shuka kama mtoto mgonjwa.
Kengele nilibonyeza mimi.
Yeye alisimama nyuma yangu, anasoma
tangazo la paka aliyepotea.

Łódź ulikuwa mji wa nyuzi.
Siku hizi bomba la moshi la kiwanda chetu limebaki kwa ajili ya picha,
chini yake wanauza kahawa kwa bei ya chakula cha siku mbili.
Tulisokota pale miaka kumi na tisa, mimi na yeye.
Uchungu uliponishika zamuni
aliendesha mashine zake na zangu, mbio, huku na huku,
msimamizi asijue kwamba sipo.
Radek alizaliwa alfajiri.
Mshahara wangu haukukatwa hata senti.

Radek huyohuyo ndiye aliyesema juzi:
"Mama, hapa si bweni."
Nalala jikoni kwake, kitanda cha kukunja, kati ya friji na dirisha;
nikinyoosha miguu nagusa jiko.
Sikumjibu.
Ndiyo maana nikaja kubisha mlango wa watu,
kwa kuwa wangu si wangu.

Alifungua Dagmara, jina lake limebandikwa kifuani,
binti mdogo, macho mekundu ya zamu ndefu.
Chai. Viti. Fomu.
Jina lako. Mwaka wa kuzaliwa. Dawa unazotumia.
Halafu swali la nne:
Nani alikupiga?

Akatueleza polepole, kama anayeomba radhi:
vitanda hivi ni vya waliokimbia vipigo.
Wasio na nyumba wana jengo lao ng'ambo ya reli,
limejaa tangu Novemba.
Kisha akaweka kalamu mezani
akatazama dirishani, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mimi nilielewa. Nikamkanyaga Bogumiła mguu.
Sema Zenon.
Zenon ana miaka sita udongoni, kaburi halipandi kizimbani.
Sema Zenon tu, uvue viatu.

Akanywa chai. Akafuta mdomo.
"Zenon alikuwa mlevi wa Jumamosi," alisema.
"Alikoroma kama trekta. Siku yangu ya kuzaliwa
hakuikumbuka hata mara moja.
Lakini mkono wake ulinitafuta gizani
kunifunika blanketi.
Siwezi kumuuza kwa godoro."

Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba kofi mwenyewe
ili jibu lipatikane.

"Basi nyumba iliondokaje?" Dagmara akauliza,
na kalamu bado iko chini.

Ndipo likatoka, jambo ambalo hata mimi hakuniambia.
Aliyenunua jengo alikata maji.
Akang'oa mlango wa choo.
Kisha wakaja wanaume wawili, kila usiku, wakisimama ngazini,
hawasemi kitu, wanavuta sigara mpaka kukuche.
Usiku wa kumi na moja mmoja wao alimshika hapa.
Akapandisha mkono wa sweta:
vidole vinne, vimeshaanza kuwa manjano.
"Niliona haya," alisema. "Mtu mzima, kushikwa kama kuku."

Dagmara aliandika.
Nafasi ilikuwa ndogo, maneno yakapanda ukingoni mwa karatasi.
"Fomu haisemi lazima awe mume," alisema,
sijui alikuwa anamwambia nani.

Alipata siku tatu. Baada ya hapo, tutaona.
Cherehani haikuruhusiwa, ina sindano.

Nikaibeba mimi mpaka tramu ya mwisho,
nikaipakata, baridi ya chuma ikapenya koti.
Radek alikuwa macho, amesimama mlangoni na soksi moja.
"Hicho nini?"
"Mgeni," nikamwambia,
nikakilaza kitandani, upande wa dirisha.
Nikakaa kwenye kiti.
"Leo analala hapa."